Maiki ya Mahali Penye Upepo: Mwongozo wa Mwanapodikasti wa Turkana

Kabla hujauliza bei ya maiki, uliza upepo unavuma saa ngapi. Ukiruka swali hilo utanunua chombo kizuri sana cha kurekodi upepo, na upepo wa Turkana hauna habari mpya. Unasema neno moja tangu dunia iumbwe.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Lodwar, Kalokol, Kakuma au Kalobeyei ambaye ana hadithi, ana simu, ana pesa kidogo alizodunduliza, na sasa anataka maiki ya kweli. Nauandika kwa sababu pesa hizo hupotea kwa njia ileile kila mara. Kijana anafungua video za mabingwa wa podikasti wa Marekani. Kila bingwa amekaa mbele ya maiki moja nyeusi, nene, inayoning'inia kwenye mkono wa chuma. Kijana anauliza jina lake, anaambiwa Shure SM7B. Basi. Kuanzia hapo hana swali tena, ana deni tu. Atanunua maiki, atanunua na ule mkono wa chuma, halafu atazunguka nyumba nzima akitafuta meza ya kuufungia.

SM7B ni maiki bora, na sina ugomvi nayo. Ilianza kuuzwa mwaka 2001, na mzazi wake, SM7 ya miaka ya 1970, ndiyo iliyonasa sauti ya Michael Jackson katika albamu ya Thriller ya mwaka 1982. Lakini Thriller ilirekodiwa Los Angeles, ndani ya studio yenye kuta nene, na fundi wa kiwango cha Bruce Swedien akisimamia kila waya. Wewe utarekodi Longech, kwenye ule ulimi wa mchanga unaoitenga Ghuba ya Ferguson na ziwa kubwa la Turkana. Fundi ni wewe, dereva ni wewe, mtangazaji ni wewe, na mbuzi wa jirani wako nyuma yako.

Tuanze na adui. Upepo wa huku si wa kupunga jasho. Mwaka 1982 wanasayansi wa hali ya hewa Kinuthia na Asnani waliandika kuhusu mkondo wa upepo wenye kasi unaopita karibu na ardhi, katika uwazi ulio kati ya nyanda za juu za Ethiopia na nyanda za juu za Kenya. Milima inaubana pande zote mbili, hauna pa kutawanyikia, basi unaongeza mwendo. Tangu wakati huo wataalamu wa dunia nzima wanautaja kwa jina la Turkana. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, imesimamishwa mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo huohuo, megawati 310, na mradi ukazinduliwa rasmi mwaka 2019. Wenye mabilioni yao walipima upepo kwanza, ndipo wakanunua vyuma. Wewe mwenye elfu kumi na tano fuata utaratibu huohuo.

Kupima kwenyewe ni bure. Mvuvi yeyote wa Kalokol anaijua ratiba ya upepo kuliko simu yako, kwa sababu yeye akikosea anazama. Kwa kawaida upepo hukaza usiku na asubuhi, kisha hulegea kadiri mchana unavyosonga kuelekea alasiri. Mazungumzo marefu yapange wakati umelegea. Saa nzuri ya kurekodi inashinda maiki ya bei kubwa, na haihitaji kusafirishwa kutoka Nairobi.

Sasa tuingie ndani ya maiki. Kuna familia mbili utakazoelezwa dukani, kondensa na dainamiki. Kondensa inasikia hata nzi akikuna kichwa, inahitaji umeme ili ifanye kazi, na haipendi unyevu, vumbi wala kuangushwa. Dainamiki ni ngumu. Ndani yake kuna utando mwembamba ulioshikamana na koili ya waya, na koili imezungukwa na sumaku. Sauti ikigonga utando, koili inatikisika, na mtikisiko huo ndani ya uga wa sumaku unazaa umeme mdogo unaosafiri kwenye waya. Haihitaji betri. Haihitaji volti 48 za kutoka kwenye mashine ya kurekodia. Inavumilia joto la Lodwar, inavumilia bodaboda, na ikianguka unaiokota unaendelea. Nenda na dainamiki. Hapo hakuna mjadala, na watu wa video wamekwambia kweli.

Wanachokuficha, kwa kuwa wao wako ndani ya nyumba, ni kwamba dainamiki nazo zina tabia mbili. Ya kwanza husikia mbele zaidi na kuufunika mgongo wake. Hiyo huitwa kardioidi, na SM7B, SM58 na nyingi za podikasti ni za aina hiyo. Ya pili husikia pande zote sawasawa, nayo huitwa omni. Ukimwuliza muuzaji, atakusukumia kardioidi kwa sababu ‘inakata kelele’. Ndani ya chumba anasema kweli. Ufuoni amekupoteza.

Sababu yake inafaa uielewe vizuri, kwa kuwa ndiyo itakayookoa pesa zako. Kardioidi hufanya kazi kwa kulinganisha msukumo wa hewa unaoingia mbele na ule unaoingia kupitia matundu ya nyuma. Tofauti kati ya hiyo miwili ndiyo maiki inayoigeuza kuwa sauti. Upepo unapoipiga, msukumo wa mbele na wa nyuma hautulii hata kidogo, kwa hiyo maiki inaona tofauti kubwa sana na kuzitangaza zote kwa mngurumo. Omni haina biashara na nyuma. Inasikiliza msukumo wa hewa kwa mlango mmoja tu. Upepo bado utaisumbua, lakini kwa kiasi kidogo zaidi, na vivyo hivyo pumzi ya herufi ‘p’ na ‘b’, na vivyo hivyo mikwaruzo ya mkono unaoishika. Jaribu mwenyewe siku ukipata zote mbili: simama nje, weka kila moja karibu na mdomo, useme ‘papai la babu limepasuka’. Hutahitaji mwalimu.

Ndiyo maana waandishi wa habari wa mitaani, duniani kote, wamekuwa wakibeba omni za mkononi kwa miongo mingi. Electro-Voice RE50 ni mojawapo. Ndani ya ganda lake kuna maiki nyingine iliyoning'inizwa kwenye mpira, ili mkono unaotetemeka usisikike. Shure SM63 ni nyingine, nyepesi mno, gramu 80 hivi, na kofia yake imetengenezwa isibonyee wala kupata kutu, jambo la maana sana kwa mtu anayefanya kazi kando ya ziwa lenye magadi. Beyerdynamic M58 ina shingo ndefu, unamfikia msemaji bila kumkalia magotini. Hakuna hata moja kati ya hizo utakayoiona kwenye video za mabingwa. Hazina sura ya podikasti. Zina sura ya mtu aliyekwenda kutafuta habari.

Twende sasa kwa mzee utakayemrekodi, maana yeye ndiye ambaye maiki inamhusu. Amekaa chini ya mkoma, juu ya ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho usiku humgeukia kuwa mto wa kichwa. Kwa hiyo mdomo wake uko chini kabisa, karibu na mchanga. Mkono wa chuma wa kwenye video hauna kazi hapa. Stendi ya sakafuni nayo itazama mchangani upande mmoja na kuinama kama imesikia msiba. Utaishika maiki kwa mkono, uchuchumae, na magoti yako yataisikia podikasti hii kabla ya msikilizaji.

“Mzee, tafadhali ongea hapa.”

“Hapa wapi?”

“Hapa, kwa hii kitu.”

Unamsogezea kardioidi hadi karibu na midomo, kwa sababu ukiiweka mbali itapoteza uzito wa sauti. Mzee anarudi nyuma. Hajazoea kulishwa. Unamfuata, anarudi tena. Halafu anaanza kueleza maji yalipofika zamani, anainua fimbo kuonyesha, na kichwa kinafuata fimbo. Sauti yake inatoka mbele ya maiki, inaingia ubavuni, inafifia, kisha kichwa kinarudi na sauti inalipuka. Hapo vijana wengi hufanya jambo baya: humwambia mzee asitikisike. Mzee akitii, hadithi inakufa palepale, kwa sababu alikuwa akiisimulia kwa shingo, kwa fimbo na kwa kidevu. Chukua omni. Ishike chini ya kidevu chake, usawa wa kifua, kama shubiri moja kutoka mdomoni. Aachwe ageuke atakavyo. Sauti itabaki palepale.

Omni ina gharama yake, na nisipoitaja nitakuwa kama muuzaji. Kwa kuwa inasikia pande zote, itachukua na injini ya boti inayoondoka, na watoto, na kina mama wanaopasua samaki wakiwa wanacheka mambo yao. Dawa ni kuwa karibu na msemaji. Ukiwa shubiri moja, yeye yuko mbele na hayo mengine yanakuwa mandhari, na mandhari ya Kalokol ni sehemu ya habari. Kisu kinachokwangua magamba ya sangara kinamwambia msikilizaji wa Eldoret mahali alipo kuliko maelezo yako ya dakika tatu. Lakini kumbuka kwamba mama anayecheka nyuma hakukubali kurekodiwa. Kabla ya kuwasha, pita, salimu, sema unafanya nini. Kakuma jambo hili ni zito zaidi. Kambi ile ya wakimbizi ipo tangu mwaka 1992, na ndani yake wamo watu waliokimbia vita na serikali zilizowatafuta kwa majina. Jirani anayepita nyuma ya msemaji wako akitaja jina au kijiji, maiki yako imelichukua. Sikiliza rekodi yote kabla ya kuitoa, ukate kinachopaswa kukatwa.

Nimeitaja Kakuma, nikae hapo kidogo. Watu wake walianza kujitangaza wenyewe kabla neno podikasti halijafika huku: KANERE, gazeti lililoanzishwa na wakimbizi wenyewe, lilitoka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2008. Na mjini Kakuma ipo redio ya jamii, Ata Nayeche, iliyochukua jina la Nayeche, bibi ambaye Waturkana husimulia kwamba alimfuata fahali kutoka magharibi hadi bonde la mto Tarach. Hadithi hiyo imefika kwetu bila waya hata mmoja, kwa hiyo anayesema hawezi kuanza kwa sababu hana SM7B ajiangalie tena. Mazungumzo ya Kakuma huwa ya watu wengi. Mkongomani anaanza kwa Kiswahili cha Bukavu, Mrundi anadakia, Msudani Kusini anaongeza kwa Kiarabu cha Juba, na maiki inapita kutoka mkono hadi mkono. Kila mkono una namna yake ya kushika, mwingine anaikaba koo. Kardioidi ikikabwa kwenye kofia, matundu yake ya nyuma yanazibwa na tabia yake yote inaharibika. Omni haijali sana. Na jenereta ya jirani? Geuza mgongo wa msemaji upande wa jenereta, na mwili wake wenyewe uwe ukuta. Au subiri wazime. Hakuna maiki duniani inayoshinda jenereta kwa hoja.

Sasa mwenye chumba. Labda una ofisi Lodwar, au kona ya kituo cha vijana, na kazi yako kubwa ni mazungumzo ya watu wawili waliokaa. Hapo kardioidi inastahili, na uamuzi halisi uko kati ya tatu zinazotajwa sana. Piga makofi mara moja katikati ya chumba kabla hujafungua kabati la pesa. Kuta za mawe na paa la bati zikikujibu ‘pwa-pwa-pwa’, tatizo lako si maiki. Ning'iniza blanketi nzito, simamisha godoro nyuma ya msemaji, tandika ngozi za mbuzi mezani. Bati lenyewe hulalamika jua linapopanda na linaposhuka, linapovimba na kunywea, na sauti zile za ‘tik, tik’ zitaingia kwenye rekodi. Nyumba ya makuti ya mkoma ya Kiturkana, ya mviringo na yenye kuta zinazopitisha hewa, hairudishi mwangwi kama ofisi ya bati. Studio bora kwa podikasti huku imejengwa na kina mama tangu zamani, na wengi wetu tunaipita tukienda kutafuta chumba cha mawe.

Chumba kikishatulia, linganisha. SM7B ina nguvu ndogo sana ya umeme: hutoa milivolti 1.12 tu kwa msukumo wa paskali moja. SM58, ile ya kila kanisa na kila harusi, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, hutoa 1.85. Electro-Voice RE20, ya mwaka 1968, iko katikati, 1.5. Tarakimu hizo zina maana hii: SM7B inadai mashine yako iikuze sauti kwa desibeli 60 hivi. Mashine ndogo ya bei nafuu ikifunguliwa hadi mwisho huanza kutoa ‘shaaa’ yake yenyewe, na ‘shaaa’ hiyo itakaa chini ya kila neno utakalosema. Hapo ndipo utashauriwa kununua kifaa kingine cha kuiongezea nguvu, ambacho kinahitaji volti 48. Mwaka 2023 Shure walitoa SM7dB yenye kikuzaji ndani yake, nayo vilevile inadai hizo volti 48. Na kinasa sauti chako cha betri kikianza kutoa volti 48, betri haitafika jioni.

Kalokol ilishaliona jambo hili kwa ukubwa wake kamili. Lipo pale jengo la kugandisha samaki lililojengwa kwa msaada wa Norway, pamoja na barabara ya kutoka Lodwar, na likakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitambo ya baridi iliwashwa siku chache tu ikazimwa. Umeme wa kugandisha samaki katika joto la Turkana, na maji safi yaliyohitajika, viligharimu kuliko samaki wenyewe. Mwishoni mwa miaka hiyohiyo Ghuba ya Ferguson nayo ikakauka, na jengo likaishia kuwa ghala la samaki wakavu, samaki ambao jua na upepo vilikuwa vikiwakausha bure siku zote. Wahandisi wale hawakuwa wajinga. Friji zao zilikuwa nzuri, ila zilichaguliwa na watu waliokuwa wakiwaza mahali pengine. Maiki inayodai kikuzaji, kikuzaji kinachodai volti 48, volti zinazodai betri, na betri inayodai jenereta: hiyo ni friji ya Kalokol iliyopunguzwa hadi itoshe kwenye begi.

Kwa hiyo, chumbani, hukumu yangu ni hii. Kwa bei ya SM7B moja ya halali unapata SM58 tatu na chenji inabaki. Podikasti ni mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji vinywa viwili. Mbili za SM58 zenye kofia za sponji zitakupa kipindi kizima. SM7B moja itakupa mgeni na mwenyeji wanaogombania kiti. RE20 ningeinunua kama ningekuwa na kituo cha redio, si kama kijana anayeanza. Mirija iliyochongwa ubavuni mwake inaifanya isijaze besi msemaji anapoisogelea, na hilo ni jambo zuri kwa wageni wasiozoea, lakini ni ya bei kubwa na ina uzito wa gramu 737, hutaibeba kwa mkono hata nusu saa. Na kama uko peke yako na kompyuta, Samson Q2U inaingia moja kwa moja kwa USB na ina tundu la waya wa XLR kwa siku utakapopata mashine. Inatosha.

Ukienda Nairobi kununua SM58, jihadhari: hiyo ni moja kati ya maiki zinazoigwa zaidi duniani. Sanduku litafanana, nembo itafanana, hata kibandiko cha udhamini. Kinachowashinda waigaji mara nyingi ni uzito, kwa sababu huacha ile transfoma ndogo iliyomo kwenye mpini wa halisi. SM58 ya kweli ina gramu 298 hivi bila waya. Usione haya kuomba mzani wa duka la nafaka jirani. Mtu wa Kalokol huwezi kumuuzia samaki bila kumpimia, sasa kwa nini akubali maiki kwa macho?

Kuna adui mwingine ambaye haonekani dukani. Dainamiki ina sumaku, na mchanga ukiwa na chembe za chuma, sumaku itaziita. Pitisha sumaku ya spika kuukuu juu ya mchanga wa ufuo wako uone kama itaota ndevu nyeusi. Chembe hizo zikipenya kofia na kutua juu ya utando, sauti inaanza kukwaruza na hakuna wa kuisafisha. Maiki isilazwe mchangani kamwe, hata dakika moja, hata kama mgeni amekuletea chai. Ivae sponji muda wote nje, na safarini ikae ndani ya soksi safi ndani ya mfuko wa plastiki. Sponji ni ya bei ndogo, na nje ya nyumba ina faida kuliko kupandisha daraja la maiki. Upepo ukizidi, iongezee manyoya ya bandia yale marefu. Fundi cherehani wa Lodwar atakushonea, mweleze tu kwamba kitambaa kiwe kinapitisha hewa, ukipulize mbele yake aone.

Na msikilizaji? Watu hutumia pesa nyingi kutafuta besi nzito wakisahau kwamba kipindi chao kitasikilizwa kwa spika ya simu, kwenye matatu ya Kitale, au kwa simu iliyowekwa ndani ya sufuria ili ipaze. Spika ile haina besi ya kutoa. Inatoa katikati ya sauti, mahali maneno yanapokaa, na hapo SM58, SM63 na RE50 ziko imara. Hifadhi faili kwa njia moja, si mbili, kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Saa nzima itakula megabaiti 29 hivi. Ukiweka kilobiti 128 umemlipisha msikilizaji bando maradufu ili asikie jambo lilelile. Mtu wa Lokichar anayenunua data ya shilingi ishirini amekufanyia heshima, usimtoze kodi ya majivuno.

Basi ukiniambia una pesa za maiki moja tu, na unataka kurekodi Turkana ilivyo badala ya Turkana iliyofungiwa ndani, nunua omni ya mkononi: SM63 kama mfuko ni mwembamba, RE50 kama unaweza. Pesa inayobaki nunua sponji mbili, hedifoni za kufunika masikio, waya wa akiba, na nauli ya kwenda Longech. Hedifoni zivae unaporekodi, si baadaye nyumbani, kwa sababu upepo haurudishi nafasi.

Kisha uanze na wazee. Maji ya ziwa yamepanda tena miaka ya karibuni, yamemeza miti na nyumba za ufuoni, na kila mtu anakisia yatafika wapi. Wapo wanaokumbuka ghuba ilipokauka, walikokwenda kuvua, nani alihama na nani alibaki. Aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa anakaribia 60, na aliyekuwa nahodha wa boti wakati ule ni mzee sana. Nenda wiki hii, alasiri, upepo ukilegea.